Gari ya Mawese Iligeuka Wamaza

Kasongo, mwisho wa kiangazi

Riziki wangu, mama Neema,

Nakusalimia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote, kisha namsalimia mtoto wetu, kisha mama yangu ambaye najua atakuwa ameketi karibu nawe ukisoma, akitaka usome kwa sauti. Mimi ni mzima. Homa iliyonisumbua wakati wa mvua imekwisha. Nataka kujua zaidi hali yako wewe. Mgongo uliokuwa unakuuma ukitoka kuchota maji, umepoa? Kaka yako alikuja kufunga lile paa la jikoni kama alivyoahidi? Na Neema, bado anakataa kulala mpaka umsimulie kitu? Haya ndiyo ninayojiuliza nikiwa nimelala chini ya gari, macho yakitazama chuma, na huku hakuna mtu wa kunijibu.

Najua ulinisubiri. Najua ulitandika kitanda, na labda ulimwambia Neema aoge mapema. Nilikupigia simu Jumapili ile nikakwambia Mzee Ramazani amenipa ruhusa, nafika wiki hiyo. Wewe ukasema nisikutajie siku, nikifika nimefika. Nikacheka, nikakutajia siku. Halafu sikuonekana, na simu yangu ikawa kimya. Nimesikia pia, maana maneno hayahitaji gari ili yafike, kwamba pale sokoni Baraka kuna watu wanasema nimeoa mwanamke wa Kasongo. Sikuoa, Riziki. Ningekueleza yote kwa simu, lakini simu inakatika katikati ya neno, na habari hii haitaki kukatika. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Unakumbuka nilikwambia kwamba gari ya Mzee inatembea kwa mawese, ukafikiri nakutania. Si utani. Mazut, hiyo dizeli ya magari, inafika Kasongo kwa taabu, ndani ya mapipa, na kuna majuma haipo kabisa hata ukiwa na kitu mkononi. Mawese yako kila mahali. Basi Mzee, ambaye ananunua mpunga vijijini na kuupeleka kwa wachimba dhahabu upande wa Kabambare, alimwita fundi mmoja kutoka Kindu akaigeuza gari. Iko na tangi mbili: kubwa la mawese, na dogo la mazut. Karibu na mguu wangu kuna robine ya kuchagua gari inywe nini. Asubuhi naiwasha kwa mazut. Injini ikishapata moto, maji ya moto ya radieta yanapita ndani ya tiyo, bomba la shaba lililo katika tangi la mawese, mafuta yanalainika, hapo nageuza robine. Na kabla ya kuzima lazima nirudi kwenye mazut kidogo, ili mawese yatoke kwenye pompi. Ukizima mawese yakiwa ndani, yanapoa, yanaganda, na asubuhi huna gari. Unajua mwenyewe mawese yanavyokuwa kwenye chupa siku za baridi, unapoyachimba kwa kijiko.

Moshi wake unanuka kama mtu anayekaanga mandazi. Nikipita kijijini watu wanacheka, wanauliza yamekwisha kuiva. Mimi harufu hiyo ilinichekesha juma la kwanza tu. Sasa naisikia siku nzima, inaingia kwenye nguo, na inanirudisha kwenye sombe yako ya majani ya muhogo, na wewe umeinama kwenye sufuria, kitenge umekifunga mgongoni. Mtu anaweza kuendesha gari hapa Maniema huku jikoni kwake kuko Baraka, mbele ya macho yake, hata anasahau kukwepa shimo.

Mpango ulikuwa huu. Nipeleke mpunga Kabambare, gari niiache kwa mpwa wa Mzee aliyeko huko, nichukue pikipiki kupitia Lulimba mpaka nyumbani, nikae siku zangu, kisha nirudi. Kila mara nikifika Kabambare nasimama pale njia inapoendelea mashariki, najua ukiifuata hiyo unatokea kwetu. Nageuza gari kurudi Kasongo kama mtu anayekunja nguo ambayo hakuivaa. Safari hii nisingegeuza. Nilikuwa nimemnunulia Neema viatu vyekundu, nimevifunga kwenye gazeti chini ya kiti.

Tuliondoka asubuhi na mapema, mimi peke yangu na mzigo. Gari iliwaka vizuri. Nikageuza robine, ikaenda vizuri, nikaanza hata kuimba. Kwenye kilima cha kwanza kirefu nguvu ikaanza kupungua. Nakanyaga, haisikii. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikataka kuzimika. Nikarudi kwenye mazut na papo hapo ikapona, ikapanda kama haikuwa na kitu. Hapo nikajua injini ni nzima na pompi ni nzima, ugonjwa uko upande wa mawese. Lakini upande huo una mambo mengi.

Nilianza na filtri, kwa sababu mawese yanaichafua haraka. Nikaifungua, nikaiosha, nikairudisha. Gari ikaenda mwendo wa kutoka kwetu mpaka sokoni, ikakohoa tena. Nikashuka. Nikafikiri labda aliyeniuzia mawese ameyachanganya na maji. Nikawasha moto kando ya njia, nikayatia kidogo kwenye kikombe cha bati, nikayachemsha. Mafuta yenye maji yanalia motoni, unajua, yanaruka. Haya yalikaa kimya. Basi mafuta ni masafi. Nikashika tiyo inayopeleka maji ya moto kwenye tangi, ikaniunguza vidole. Basi joto linafika. Kila kitu kilikuwa sawa na gari ilikuwa mbovu, na kila nilipojaribu nilitumia mazut ya kuiwashia, na lile tangi dogo si kubwa kuliko ndoo yako ya maji.

Nilikaa chini kwenye nyasi. Nikuambie ukweli, nilitaka kulia. Sikuwa nafikiria gari, nilikuwa nafikiria pikipiki ya Kabambare.

Kisha nikakumbuka kwamba raba haipendi mawese. Ukiiacha ndani ya mafuta hayo muda mrefu, inalainika kama ngozi ya ndizi iliyoiva. Nikapapasa tiyo ya raba kuanzia tangini, polepole, mpaka mahali inapoungana na chuma, chini ya kiti cha abiria. Ncha yake ilibonyea kwa kidole. Hakukuwa na tone lolote nje, ndiyo maana sikuiona. Haikuwa inamwaga, ilikuwa inavuta hewa. Injini inaomba mafuta, inapewa mafuta na pumzi. Nikakata ile ncha mbovu, nikaivuta ile nzima mpaka ikashika chuma, nikaikaza kwa ukanda wa mpira wa ndani ya tairi. Nikageuza robine. Gari ikanguruma kwa sauti moja, bila kukohoa, kilima baada ya kilima, mpaka kijijini Wamaza.

Nilifika Wamaza adhuhuri imepita. Nikarudi kwenye mazut, nikaacha mawese yatoke, nikazima ili injini ipumzike na mimi nile. Nilipima lile tangi dogo kwa kijiti. Ilikuwa imebaki ya kuwasha mara moja na kusafisha mara moja. Ilinitosha. Kule Kabambare mpwa wa Mzee ana pipa.

Nilikuwa nakula muhogo na karanga nilipoona watu wanakuja na machela ya miti. Walikuwa wachimbaji kutoka shimoni. Udongo ulikuwa umeporomoka, ukamfunika mmoja wao mpaka kiunoni, na jiwe likamvunja mguu. Walikuwa wamembeba tangu alfajiri. Mama Zawadi, nesi wa pale, alimfunga, akamwangalia macho, kisha akaja moja kwa moja kwangu akiwa bado anafuta mikono. Alisema hawezi kumfanya chochote zaidi pale, anahitaji kupasuliwa Kasongo, tena leo. Akasema kwenye pikipiki hawezi kukaa, atakufa njiani. Akaitazama gari.

Nikamwambia naelekea Kabambare. Nikamweleza habari ya mazut. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema, “Fundi, mimi nimeshakuomba. Sasa iko kwako.” Akarudi kwa mgonjwa.

Riziki, nilienda kumwona ili nipate sababu ya kukataa. Nilitumaini nimkute ameshakata roho, Mungu anisamehe, ili niendelee na njia yangu. Nilimkuta ameuma kitambaa, jasho linamtoka, na alipokitoa kitambaa mdomoni aliita mama yake kwa Kibembe. Hakuna mtu mwingine pale aliyeelewa anasema nini. Nikainama, nikamjibu kwa lugha yetu, nikamuuliza yeye ni wa wapi. Akasema Mboko. Jina lake Alimasi. Akanishika mkono akauliza kama mimi ni ndugu yake aliyefika. Nikasema ndiyo.

Tulishusha mpunga wote, tukauacha kwenye nyumba ya Mama Zawadi. Tukatandika magunia matupu na godoro, tukamlaza nyuma ya kiti changu, maana gari hii haina ukuta kati ya dereva na mzigo, nesi akakaa naye. Niliiwasha kwa ile mazut, nikasubiri injini iliyokuwa imepoa ipate moto tena, na kila dakika ya kusubiri niliona ile ya kusafishia inaondoka. Nilipogeuza robine tangi dogo lilikuwa tupu. Kuanzia hapo gari haikutakiwa kuzimika. Ikizimika porini, haiwaki tena, na sote tunabaki hapo.

Kwenye kilima cha pili nilisikia nguvu ya injini inapungua kidogo. Ule ukanda wa mpira ulikuwa umelegea. Sikuweza kuzima. Nilimwomba Mama Zawadi apite mbele, ainame chini ya kiti cha abiria, aibane ile tiyo kwa mkono mahali inapoungana. Akaibana kwa upindo wa kitenge chake, na gari ikapata pumzi yake. Alikwenda hivyo, ameinama, tiyo yenye mafuta ya moto ikimuunguza vidole, mpaka tulipopata mahali tambarare pa kusimama injini ikinguruma, nikaukaza ukanda upya. Hakulalamika hata mara moja. Aliuliza tu kama mgonjwa anaongea.

Alikuwa ameniambia tangu Wamaza nisimwache Alimasi alale. Basi niliongea naye njia nzima. Nilimuuliza habari za Mboko, ndagala zinazoanikwa mchangani, nani anauza samaki wa mikebuka wakubwa, kanisa lao liko upande gani wa barabara. Yeye akawa ananijibu kidogokidogo. Alipochoka mimi nikaongea mwenyewe. Nilimweleza habari zako. Nilimwambia jinsi unavyokasirika kwa kunyamaza, na jinsi unavyochanganya pilipili kwenye samaki. Nilimwambia nina mtoto aliyekuwa hajaanza kutembea nilipoondoka, na sasa anasoma. Kuna wakati alinyamaza, nikaita jina lake, hakujibu. Nikaita tena. Akasema, polepole, “Niko. Endelea kusema habari ya nyumbani.”

Tuliingia Kasongo wakati wa adhana ya magharibi. Hospitalini walimpokea kwa haraka. Nilibaki nje na injini inanguruma kwa mawese, nikiwaza nani ana mazut saa hiyo, hata chupa moja. Niliwaza nipeleke gari kwa Mzee, labda atajua pa kuipata. Ndipo daktari alipotoka kuuliza nani anaweza kutoa damu. Gari huwezi kuiacha inanguruma bila mtu, na ile ya kwetu breki ya mkono ilishakufa zamani.

Nikazima. Nilijua ninachofanya. Nilikaa kidogo na mkono kwenye ufunguo, nikisikia chuma kinavyopoa na kulia, tik, tik, kisha nikaingia ndani, nikakunja mkono wa shati.

Alimasi alipona. Mguu haukupona, waliukata chini ya goti. Na gari asubuhi ilikuwa kama nilivyosema: mawese yameganda kwenye pompi, kwenye matiyo, kwenye injekta, ya rangi ya chungwa na mazito kama samli.

Nilikwenda kwa Mzee Ramazani. Nilimkuta dukani kwake, amevaa kofia yake, ametoka kuswali. Alisikiliza yote. Kwanza aliuliza kama yule mtu yuko hai. Nikasema yuko. Akasema alhamdulillahi. Kisha akauliza habari ya gari, nikamwambia, akageuka kutazama barabara. Mpunga wake uko vijijini, na mvua ikianza njia inafungwa. Alisema, “Mimi nisingetaka dereva ambaye angempita yule mtu. Lakini siwezi kukuruhusu uende, mwanangu, gari ikiwa imelala.” Yote mawili yalikuwa haki.

Tangu hapo niko chini ya hii gari. Nimetoa injekta, nimeziosha kwa mazut ya kuomba chupa kwa chupa, nimefungua pompi, jambo ambalo sipendi, kwa sababu vitu vyake ni vidogo na havisamehe. Imewaka mara mbili ikafa. Leo imewaka na haikufa. Raba zote nimezibadilisha. Lakini mvua ya kwanza imeshanyesha upande wa Nyangwe, na Mzee anataka mpunga uingie kabla ya nyingine. Kwa hiyo siji sasa, Riziki. Nimeandika neno hilo na limekaa hapo, mimi mwenyewe nalitazama.

Jioni nilikuwa nakwenda hospitalini kukaa na Alimasi. Alijifunza kutembea na magongo kwenye baraza, ananitukana kwa Kibembe kila anapoyumba. Hakutaka tena dhahabu wala Maniema, alitaka kwao tu. Mzee aliposikia, alisema nafasi ya pikipiki ya kutoka Kabambare, ile iliyokuwa imetafutwa kwa ajili yangu, bado ipo, na yule mwendeshaji anaijua njia na vizuizi vyake. Akaniuliza kama nakubali apewe. Nilikubali. Sikukubali kwa moyo mweupe, nakuambia wewe tu. Usiku huo sikula. Mpaka Kabambare nitamfikisha mwenyewe kwa gari hii, juu ya mpunga.

Basi huyo aliyekukabidhi karatasi hii ndiye Alimasi. Amepitia Baraka kabla ya kwenda Mboko kwa sababu nilimwomba. Asikae mlangoni. Mpe maji ya kuoga, umpe kitanda ulichonitandikia, alale mpaka achoke kulala. Viatu vya Neema viko kwenye mfuko wake. Kama vimekuwa vidogo usiniambie, wape watoto wa jirani.

Nisalimie mama yangu, mwambie mwanawe hajakonda sana. Msalimie baba mkwe, na umwambie sijasahau neno langu kwake. Kaka yako mpe shukrani kama amefunga paa, na kama hajafunga, salamu bila shukrani. Shangazi anayeuza ndagala pale njiapanda, na mchungaji wetu, na mama mwenye nyumba ya jirani ambaye huwa anakuazima jembe, wote nawakumbuka kwa majina yao ninapoomba.

Na kitu kimoja, mama Neema. Mtoto akiuliza baba yake yukoje, usimwonyeshe ile picha ya zamani. Mimi si yule tena, nimeota mvi pembeni na nina kovu jipya kwenye kidevu. Mkalishe karibu na Alimasi amuulize yeye. Kutoka Wamaza mpaka hapa aliutazama uso wangu kwenye kile kioo kidogo cha dereva, hakuwa na kitu kingine cha kushikilia. Hakuna mtu duniani anayeujua kuliko yeye, na sasa ameketi nyumbani kwangu.

Ni mimi mume wako,
Wilondja